Pole ya Kazi

Jumatatu, 2 Septemba

Tumeanza kukata leo. Shamba la kwanza lilichomwa jana jioni na asubuhi vishina vilikuwa bado vinatoa moshi. Tuko wakataji ishirini na wawili. Tisa tumetoka mji mmoja, na sote tisa tuliletwa na mjomba. Huu ni msimu wake wa nne wa unyapara. Ni mdogo wake mama, tumbo moja, na mama ndiye aliyemlea mgongoni. Akikumbushwa hilo mbele ya watu hucheka na kusema ndiyo maana miguu yake imepinda.

Nimeamua kuandika kwa sababu msimu uliopita ulipokwisha sikuweza kukumbuka siku hata moja. Miezi mitatu ya umri wangu ilikuwa kama siku moja ndefu yenye masizi.

Jumatano, 4 Septemba

Mgongo.

Jumamosi, 7 Septemba

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani panga ndilo bwana. Bwana ni moto. Shamba linachomwa ili majani yaishe na nyoka watoke, na moto ukishapita, saa imeanza kuhesabu. Miwa iliyoungua ina siku nne, tano ikiwa na bahati. Ikizidi hapo inachacha na kiwanda kinaikataa. Kwa hiyo hatukati kwa sababu tuna nguvu. Tunakata kwa sababu imeshaungua.

Mwenzangu wa mistari ni mtu wa kwetu, tunamwita Mrefu. Kuinama kunamuumiza kuliko sisi wote. Anasema Mungu alimpima kwa kazi ya kupaka rangi dari, kisha karani wa huko juu akachanganya majalada.

Dereva wa trekta linalovuta matrela ni mtu wa maneno machache. Akifika husema, "Poleni." Sisi tunajibu, "Tumeshapoa," huku jasho linatuchuruzika hadi ndani ya buti. Akiondoka Mrefu husema pole haijawahi kushika panga. Yamekuwa maneno ya kila siku. Siku asiposema atatukosesha kitu.

Jumapili, 15 Septemba

Nimepanda kilimani kwa mjomba kuongea na mama. Bondeni kwenye kambi hakuna mtandao, na simu yangu ilitumbukia kwenye mfereji mwezi uliopita, kwa hiyo mama hunipata kwa simu ya mjomba. Namba ya mjomba ndiyo pekee aliyoishika kichwani. Nyingine anasema zinamteleza.

Leo alikuwa na furaha. Wamehamishiwa kwenye soko jipya, lile la ghorofa tatu. Amepata meza chini kabisa, karibu na mlango, na vitunguu vyake havinyeshewi tena. Alisema, "Mwanangu, nimekaa juani miaka ishirini na sita, sasa naketi kwenye kivuli cha serikali." Mjomba akampokonya maneno, akamwambia asiringe, kivuli cha serikali huhama. Walicheka wote wawili, yeye hapa na mama kule, na mimi katikati nimeshika simu.

Mama hana mtu mwingine nyumbani. Baba alifariki zamani, mimi ni mtoto wa pekee, na mke sina tena.

Ijumaa, 20 Septemba

Maharage. Upepo. Shamba la tano limekwisha.

Alhamisi, 26 Septemba

Panga limeteleza likanipata muundi. Mjomba alikuja mbio, akachana shati lake mwenyewe akanifunga, akaniweka chini ya trela kwenye kivuli. Kisha akachukua panga langu akakata mistari yangu mpaka saa nane ili nisiandikwe mtoro. Mnyapara si mtu wa kushika panga. Wenzangu walisimama kumtazama. Nilikaa pale nikamwangalia anavyoinama na kile kiuno chake kibovu, nikasema moyoni, ndugu ni huyu.

Jumapili, 29 Septemba

Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Jana jioni yalichomwa mashamba mawili kwa pamoja, la tisa na la kumi, kwa sababu mawingu yameanza kujikusanya na mjomba anaogopa mvua ya mapema. Kazi ya siku sita kwa siku tano.

Mchana mjomba alishuka kutoka kilimani, macho mekundu. Akasema moshi. Akakusanya simu za kila mtu, akidai wiki hii umeme wa kiwandani utakatwa kwa matengenezo, bora zijazwe chaji zote leo. Watu walimpa bila neno. Huku bondeni simu ni tochi tu.

Jumanne, 8 Oktoba

Dereva wa trekta leo kashuka chini, jambo ambalo halifanyi. Akavua kofia. Akasema, "Poleni sana, ndugu zangu." Mrefu akamjibu, "Tumeshapoa, mkubwa. Ila ukituletea maji ya baridi tutapoa zaidi." Tulicheka mpaka mmoja akakaa chini, mjomba akitutazama kutoka ukingoni. Dereva alitutazama kwa muda, akavaa kofia yake, akapanda. Mrefu akasema jua limempata.

Jumatano, 9 Oktoba

Redio ya mjomba imenyamaza tangu juzi. Anasema betri zimekufa. Nilizichukua nikazipanga juu ya bati zipate joto, kama tunavyofanya siku zote. Jioni nikampelekea. Akazipokea, akashukuru, akaziweka mezani bila kuzijaribu.

Mleta maji naye alimpa pole mpishi wetu. Mpishi ni mama wa makamo, peke yake kati ya wanaume ishirini na wawili. Akamjibu amezoea.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mjomba kashika panga tena leo, asubuhi mpaka jioni. Hakuomba maji. Tuliona fahari kukata na mnyapara, tukaimba ule wimbo wetu wa matusi, beti zote, na Mrefu akatunga ubeti mpya juu ya meneja na baiskeli. Sijawahi kuliona kundi hili likifanya kazi vizuri namna hii.

Ijumaa, 11 Oktoba

Naandika nimekaa kando ya barabara kuu, begi magotini, nangoja gari lolote linaloelekea kwetu. Ni alasiri. Wenzangu wanane wako hapa. Hakuna anayeongea, ndiyo maana naandika.

Saa nne asubuhi tulikuwa tumebakiza mistari kama thelathini ya shamba la kumi. Trekta likaja, dereva yule yule. Alitusikia tukiimba tangu kule kwenye kona. Alipofika alizima injini, na trekta lake likizimwa haliwaki bila kusukumwa. Akashuka akatuuliza sisi ni watu wa aina gani. Akasema makundi mengine yote yameambiwa tangu Jumanne, na wenye ndugu kule wamepewa ruhusa. Bendera ya kiwandani iko nusu mlingoti, nchi nzima imekaa chini, na sisi tunaimba matusi. Akasema amewahi kuona watu wagumu lakini siyo hivi.

Mrefu alikuwa amesimama, panga begani. Akauliza, "Wameambiwa nini?"

Dereva alimtazama kama mtu anayemtazama mlevi. Kisha akatutazama mmoja mmoja, na nikaona uso wake unabadilika. Akasema polepole, siyo kwetu, kwa nafsi yake tu, "Hawa hawajui."

Akatuambia. Jumatatu saa tatu asubuhi soko jipya limeanguka. Ghorofa zote tatu zimeshuka moja juu ya nyingine. Waliotolewa wamekufa wamepita mia tatu. Akautaja mji wetu.

Nataka kuandika tulivyofanya, kwa sababu watu wameshaanza kusimulia vingine. Hapa barabarani nimemsikia mwenzetu mmoja akimwambia mpita njia kwamba tulianguka chini tukalia. Hatukulia. Mrefu aligeuka akakata miwa mitano, akaondoa vilele, akailaza vizuri kwenye mstari, ndipo akaliweka panga chini. Mmoja alicheka, kicheko cha kweli, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja cheusi na masizi yakamwachia alama ya vidole usoni. Mwingine alikaa akavua buti, akalikung'uta kama vile lina kijiwe, akavaa, akavua tena. Mmoja ambaye kwao ni mbali kabisa na kwetu aliuliza kama kesho kuna kazi. Wakati ule nilimchukia. Sasa sina hakika kama alikuwa mbaya kuliko mimi.

Maana mimi niliuliza, "Soko lipi?" Niliuliza mara tatu, nami nalijua soko jipya liko moja tu. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mama anakaa karibu na mlango. La pili, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba waliokufa watakuwa wale wa ghorofani, na nikafurahi. Muda wa kumeza mate tu, lakini nilifurahi juu ya watu wa ghorofani.

Kisha mtu akauliza leo ni siku gani. Tukamwambia Ijumaa. Hakuna aliyelitaja jina la mtu, ila sote tuliinua macho tukatazama kilimani. Kila mmoja alikuwa na lake la kukumbuka. Wenzangu walikumbuka simu zao. Mimi nilikumbuka betri. Zilikuwa nyepesi, zimeota kutu kwenye vichwa, siyo zile alizonunua mwisho wa mwezi nikiwa naye dukani. Alinipa za tochi. Nilipanda juu ya bati kuota jua na betri za tochi.

Na nikamkumbuka dereva na kofia yake mkononi. Siku nne watu wametupa pole ya msiba, nasi tukaipokea kama pole ya kazi.

Mjomba aliliona trekta limezimwa akashuka mwenyewe. Hakukana. Angekana nadhani wangempiga, na labda nami ningempiga. Alisimama kwenye majivu akaongea kwa sauti ile ile ya kugawa mistari. Alisema mashamba mawili yalikuwa yameshaungua. Alisema tisa wakiondoka, kumi na tatu hawawezi kumaliza, miwa inachacha, na kundi zima linafutwa kabla ya msimu kwisha. Alisema alipanga kutuambia leo jioni tukimaliza, na kesho asubuhi tuondoke pamoja naye.

Nikamuuliza kama alijua dada yake yuko mle ndani.

"Nilijua."

"Siku nne, mjomba?"

"Mpwa wangu, soko lile limeanguka lote. Waliokufa wangetungoja. Miwa isingengoja."

Mpishi alikuwa amefika na ndoo ya chai ya saa nne. Aliposikia hilo akaimwaga yote pale pale kwenye majivu, taratibu, mpaka tone la mwisho, akarudi kambini na ndoo tupu. Mrefu alichukua panga lake akaliweka chini mbele ya miguu ya mjomba. Sisi wengine tukafanya vivyo hivyo, tisa wote. Mjomba aliyatazama mapanga, akasema anafunga shamba kisha atatufuata. Nilidhani nitamsikia akilia nyuma yangu. Nilisikia akiwaambia waliobaki waanze upande wa mfereji.

Gari linakuja.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimefika jana mchana. Pale sokoni pamezungushiwa kamba. Kuna harufu ya chokaa na nyingine.

Orodha zimebandikwa kwenye ukuta wa shule. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya waliochukuliwa na ndugu zao. Mwenye kusimamia orodha aliniambia waliokosa mtu wa kuwachukua walizikwa Alhamisi kwa mkupuo, kwa heshima zote, waziri alikuwepo. Akasema, "Tulingoja siku tatu, kaka. Joto hili. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Nilimwambia tulikuwa mbali. Sikuweza kusema tulikuwa tunaimba.

Mrefu amekuta wake wazima, mke na watoto wote. Alinikumbatia, nami nikasikia mwili wake unacheka ndani kwa ndani bila yeye kutaka. Simlaumu. Kati yetu tisa, wanne tumefiwa.

Jumanne, 15 Oktoba

Nilidhani nimeshayajua yote.

Nimekwenda hospitali kwa sababu namba ya kaburi inatoka kwenye daftari lao. Sitini na moja. Muuguzi aliyekuwa na daftari alisoma jina la mama, akaacha kidole juu yake, akaniuliza mimi ni nani yake. Nikamwambia. Akalifunga daftari akanitoa nje, tukakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, katikati ya watu wenye bandeji.

Mama hakufa Jumatatu. Walimtoa mchana ule ule, kwa sababu kweli alikuwa karibu na mlango. Miguu ilikuwa imesagika na ndani alikuwa anavuja, lakini alikuwa anaongea. Alikaa Jumatatu, Jumanne, na Jumatano mpaka jua linazama. Aliwaambia ana mtoto mmoja na ndugu mmoja na wote wako kwenye miwa. Alitaja namba ya simu kwa moyo, bila kukosea, na muuguzi akaiandika kwenye mkono wake. Akapiga. Akapiga tena Jumanne mara mbili. Jumatano asubuhi akapiga mara ya nne, mama mwenyewe akimtazama. Simu ilikuwa imezimwa. Mama akasema, "Wako shambani. Wakitoka watapiga."

Muuguzi akanipa pole.

Kutoka kambini hadi hapa ni safari ya siku moja. Wa makundi mengine walioambiwa Jumanne asubuhi walifika Jumanne hiyo hiyo jioni.

Jumatano, 16 Oktoba

Kaburi namba 61 ni tuta la udongo mwekundu na kijiti. Nimekaa hapo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimerudi kambini. Watu watauliza kwa nini. Mkataba wangu uko huku, na kule sina hata meza ya vitunguu. Lakini ukweli ni kwamba nilirudi ili nimwambie usoni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Alikuwa ananingoja barabarani. Sijui alijuaje, labda amekuwa akingoja kila gari. Amekonda. Akanipokea begi, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Wananiambia wa mle ndani walikufa palepale. Angalau dada yangu hakuteseka." Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyenyoosha bakuli.

Nikamwambia nimechoka, mjomba.

Hakuja kule kama alivyoahidi. Anasema kazi ilimzuia. Meneja alimsifu mbele ya wanyapara wote kwa kuokoa mashamba mawili.

Alhamisi, 24 Oktoba

Tumebaki kumi na saba. Wawili wa kwetu wamebaki kule kule, watatu wamehamia makundi mengine, wasimwone. Mrefu yuko nami.

Leo nimemwambia Mrefu kuhusu siku tatu na simu. Alikata mpaka mwisho wa mstari. Kisha akauliza, "Umemwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Usimwambie. Mwache anenepe."

Jumatatu, 28 Oktoba

Mrefu amewaambia wawili. Hao wamewaambia wengine. Sikumkataza.

Jumatano, 30 Oktoba

Mjomba akipita, watu wanaacha kuongea. Anadhani ni hasira ile ile ya siku ile, na anajitahidi. Leo ametania kuhusu miguu yake iliyopinda. Hakuna aliyecheka ila mimi, na nilicheka kwa sababu nilitaka kuona uso wake akidhani mambo yamepoa.

Sasa najua mjomba alivyotutazama ile Jumanne tulipokuwa tunachekea maji ya baridi. Najua inavyokuwa kumtazama mtu anayecheka huku wewe umeshika jambo lake mfukoni. Nilidhani nikijua hilo nitamwonea huruma kidogo. Haikutokea hivyo.

Jumamosi, 2 Novemba

Mpishi ameniita jikoni. Naye amesikia. Akasema, "Mwanangu, mwambie au msamehe, moja kati ya hayo. Mimi nampakulia chakula mtu yule mara tatu kwa siku, na kila nikimpakulia najiona nimo kwenye uongo ambao sikuuanza."

Nikamwambia yeye alitupakulia siku nne. Akasema mnyapara hakuwa amemwambia. Nikasema ndiyo, kwa hiyo hakuwa na dhambi, na sasa ameipata kidogo, kama sisi wote. Nilijuta kabla sijafika mlangoni. Nilirudi nikamwomba radhi. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Trekta limezama mpaka ekseli.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Meneja ametangaza msimu umekwisha. Jumapili magari yatatuchukua.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi mvua ilikatika kidogo. Mjomba akaja mpaka mlangoni kwetu akiwa amebeba kitu kimefungwa kwenye gunia. Wenzangu walikuwa wanafunga mizigo. Akaniita nje, tukakaa kwenye gogo, akakifungua kwenye magoti yake.

Ni kibao cha mbao nzuri, kimepigwa randa na kupakwa rangi nyeupe. Amekitengenezesha kwa fundi wa karakana ya kiwandani. Herufi nyeusi, zimenyooka. Jina la mama, jina la babu, na chini yake: *Amefariki tarehe 7 Oktoba*. Akasema kesho anakwenda nami, hatasema tena kazi imemzuia, atakichimbia mwenyewe. Akasema fundi yule hajui kuandika sana. "Wewe ndiye msomi wetu. Soma, uone kama kuna kosa."

Nilisoma. Nilikuwa na wiki tatu za kujiandaa na sikuwa tayari.

"Liko moja," nikamwambia. "Tarehe. Siyo saba, ni tisa."

Akasema hapana, lilianguka tarehe saba, Jumatatu, anakumbuka. Nikasema soko ndiyo. Akanitazama. Nilimwona akihesabu, midomo inatembea: saba, nane, tisa. Kisha nikamwambia yote kwa mpangilio kama nilivyoambiwa mimi, mlango, hospitali, namba aliyoitaja kwa moyo, muuguzi alivyopiga mara nne. Sikupandisha sauti. Sikumwachia kitu.

Alichofanya kwanza ni kuingiza mkono mfukoni akatoa simu yake, akaitazama. Akaibonyeza ikawaka. Akairudisha mfukoni, kisha akaitoa tena, akaiweka kwenye gogo kati yetu, mbali kidogo na yeye.

Nilingoja alie. Nilimtaka alie, naandika ukweli. Badala yake aligeuza shingo akatazama mlangoni, ambako Mrefu na wengine walikuwa wamesimama na mizigo yao.

"Hawa wasijue," akaninong'oneza. "Tafadhali, mpwa wangu. Hili libaki letu wawili."

"Wote wanajua, mjomba. Hata mpishi anajua. Wewe ndiye wa mwisho kuambiwa."

Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu nimerudi. Akatikisa kichwa polepole mara nyingi. Nadhani alikuwa anazipitia zile siku moja moja, vyakula, salamu, utani wake. Hakuna aliyeondoka mlangoni.

Baadaye akaniomba nikitengeneze kibao. Fundi wa karakana ameshaondoka, na kalamu ya wino mzito ninayo mimi. Nikaipiga ile saba mstari, nikaandika tisa pembeni yake. Mwandiko wangu ni mbaya ukilinganisha na wa fundi. Mjomba alikitazama kwa muda, akaniambia nichukue kisu nikwangue rangi, ile saba isionekane kabisa, mtu asije akajua iliwahi kuandikwa.

Nimekataa. Nimekifunga kwenye gunia kama kilivyo, na kesho nitakibeba mimi.